Taa Iliyowaka Kabla ya Kengele

Siku ya tatu baada ya kumzika Danieli, fundi mwenzangu wa zamani, nilikuwa nimekaa chini ya turubai nyumbani kwake Chang'ombe, Dodoma, nikisubiri pamoja na wanaume wengine chakula kipakuliwe, wakati mama mmoja mwenye mvi alipovuta kiti cha plastiki na kukaa karibu yangu. Aliniita kwa jina la kazi, jina ambalo nilikuwa sijalisikia kwa miaka mingi. "Fundi Festo. Hunikumbuki? Ni Neema, binti wa Mwalimu Debora wa Kikuyu." Nilikuwa nimeshamkumbuka kabla hajasema, kwa jinsi anavyoinamisha kichwa upande mmoja anapozungumza. Akasema amekuwa akitamani kuniona kabla hatujaondoka wote duniani, maana Danieli ameshatangulia na sisi hatujui zamu yetu. "Nilitaka nikushukuru," akasema. "Mama alipougua watu walituletea pole na machungwa. Wewe peke yako ulileta kitu cha kumfaa. Ile kengele." Nikajibu, "Ahsante, dada." Naandika neno hilo hapa kwa sababu lilitoka mdomoni mwangu kwa urahisi, kama lilivyotoka neno jingine mbele yake karibu miaka arobaini iliyopita, na yote mawili yalikuwa uongo.

Ulikuwa mwaka ambao maduka ya Dodoma yalianza kujaa tena. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua maana ya sentensi hiyo. Tulikuwa tumezoea rafu tupu na foleni ya sabuni, na ghafla mtu anatoka Uarabuni na masanduku ya redio, pasi, saa za ukutani zinazoimba. Danieli na mimi tulikuwa na chumba kimoja cha ufundi Chang'ombe, chenye dirisha la mbao lililofunguka kuelekea barabarani na meza mbili zilizoungua ungua kwa chuma cha kulehemu. Yeye alinizidi miaka kumi. Aliishia darasa la saba, akajifunza ufundi kwa kufungua redio zilizokufa na kuzitazama hadi zikamweleza habari zake. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na Kiingereza cha kusoma maelezo, na kwa mwaka ule Kiingereza kilikuwa mali, kwa sababu vipuri vipya vilikuja na karatasi zake. Wateja walikuja wakiuliza, "Yupo yule fundi anayesoma?" Danieli alikuwa akikohoa, kisha ananyoosha kidole kwangu bila kuinua macho. "Msomi yule pale. Mimi hapa nafagia." Watu walicheka, na mimi nilicheka, na sikujiuliza hata siku moja kama yeye alikuwa anacheka.

Neema alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Alikuja kwetu mwezi wa tisa, vumbi likiwa jingi, na viatu vyake vya ofisini akiwa amevishika mkononi. Mama yake, Mwalimu Debora, aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa wa Kikuyu, hapo hapo Dodoma, kusoma, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, na sauti ilikwenda. Akili ilibaki nzima; alisikia kila neno na kufuata kila mtu kwa macho. Mkono wa kushoto ulikuwa na uhai kidogo, aliweza kuuinua na kuuweka, lakini vidole havikuwa na nguvu ya kubonyeza. Neema alikuwa amejaribu kengele ya kawaida ya mlangoni, akaiweka kitandani, na mama yake alihangaika nayo hadi machozi yakamtoka. "Mimi nashinda ofisini," Neema alisema. "Mama Yohana anayemtunza yuko jikoni uani, anatwanga, anafua, hasikii kitu. Mama anaweza kukaa saa nzima amelowa. Nataka kitu ambacho akikigusa tu, mtu anasikia. Kipo?" Danieli akanitazama. Nikasema kipo.

Katika boksi la vipuri tulilonunua kwa mfanyabiashara mmoja kulikuwa na kidude cheusi chenye miguu kumi na sita, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Unakiunganisha na kibati cha shaba. Mkono wa mtu ukikaribia kibati, umeme mdogo uliomo hubadilika kidogo sana, na kidude kinayahisi mabadiliko hayo na kutoa amri ya kuwasha kengele. Hakuna kubonyeza. Karatasi yake ilikuwa na kurasa nane za herufi ndogo, na mimi nilizisoma kwa jioni tatu kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Pembeni mwa kidude palikuwa na sehemu tatu za kupanga, kila moja ukiiamulia kwa tone la lehemu. Ya kwanza ilihusu wepesi wa kuhisi. Ya pili ilisema mkono ukae juu ya kibati muda gani kabla kidude hakijaamini kwamba kimeguswa kweli. Ya tatu ilihusu kitaa kidogo cha kijani cha kumwonyesha mgusaji kwamba amegusa: je, kiwake mara tu mkono unapofika, au kiwake pale tu kengele inapolia? Nilipanga wepesi wa juu kabisa, muda wa kusubiri nikauondoa, na kitaa nikakiacha kiwake mkono unapofika. Mambo yote yalitokea kwa pamoja, mguso, mwanga na mlio, na Danieli alipoweka kiganja chake kigumu juu ya kibati na kengele ikalia upande wa pili wa chumba, alisema, "Haya, hii sasa ni akili," na kwa Danieli hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tuliifunga siku ya Jumamosi. Chumba cha Mwalimu kilinukia dawa ya kuchua na karatasi za zamani. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa bado yamepangwa kabatini, mengine hayajasahihishwa, na hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akafumba macho na kuyafumbua, ndivyo alivyokuwa anaitikia. Kibati nilikifunga juu ya kisanduku chenye ubao wa kidude, chini ya mkono wake wa kushoto, kitaa nikakiweka mbele ya macho yake, na waya nikaupitisha dirishani, juu ya kichanja cha mizabibu, hadi jikoni uani alikokuwa Mama Yohana, mjane wa Kigogo kutoka upande wa Gulwe. Yeye aliitazama kengele ile kama mtu anayetazama kuku mgeni bandani. "Hii ndiyo itaniita?" akauliza. "Na nikiitika, yenyewe inasikia?" Tulicheka. Mwalimu akainua mkono wake, polepole, ukining'inia, akauangusha juu ya kibati. Kitaa kikawaka, kengele ikalia uani, na Mama Yohana akaja mbio na mwiko mkononi, unga umemjaa hadi kwenye kope. Nusu ya uso wa Mwalimu iliyokuwa hai ikatabasamu. Neema akaegemea mlango akalia. Nami nikainama kando ya kitanda, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Mwalimu, ukiona kitaa kimewaka, ujue tumesikia. Huna haja ya kuhangaika tena." Siku ile lilikuwa neno la kweli. Mama Yohana alitupakulia ugali wa uwele na mlenda, na nilikula kama mwenye nyumba.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipoanza, kengele ikaanza kulia yenyewe. Nilikuwa nimeipanga katika ukavu wa Dodoma, hewa ya mwezi wa tisa inayopasua midomo, na sikuwaza kwamba unyevu ungekifanya kidude kihisi mkono usiokuwapo. Shuka likigusa kibati, inalia. Chandarua kikipeperuka, inalia. Mama Yohana alikuwa anakimbia kutoka uani mara ishirini kwa siku na kumkuta Mwalimu amelala. Neema alinijia akiwa amechoka. "Fundi, mama wa watu miguu imevimba. Anasema nyumba ina kitu." Nilikwenda asubuhi iliyofuata, na siku hiyo nilikuwa na haraka. Mwenye baa mmoja wa Chang'ombe alikuwa ameleta deki ya video na televisheni kubwa, ukumbi wake unafunguliwa jioni, na mtu pekee mjini aliyeaminiwa kuvifunga alikuwa mimi. Nilimwambia Danieli tulipokuwa njiani kwamba nitaongeza muda wa kusubiri uwe sekunde tatu. Shuka halikai sekunde tatu. Mkono unakaa.

Nilifungua kisanduku, nikaweka tone la lehemu kwenye sehemu ya pili, nikafunga. Danieli alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliweka kidole juu ya kibati, akakiondoa upesi. Kitaa kiliwaka. Kengele ilikuwa kimya. Akarudia. "Festo," akasema, "kitaa kinasema kimesikia. Kengele inasema haijasikia. Mgonjwa amsikilize nani?" Nikamwambia aweke kidole kwa muda, atasikia. "Mimi najua niweke muda," akasema. "Yeye nani amemwambia?" Ilikuwa kweli, na haikuwa habari mpya kwangu. Katika ukurasa wa sita wa karatasi ile palikuwa na mstari mmoja ulioonya kwamba ukiongeza muda wa kusubiri, kitaa nacho ukihamishe kifuate kengele. Niliusoma mstari huo. Lakini sehemu ya tatu ilikuwa imefunikwa na nyaya za kitaa, na kuihamisha kulitaka kung'oa ubao mzima na kuurudisha mezani, kazi ya nusu siku, na televisheni ilikuwa inanisubiri. Nikamjibu Danieli kwa jibu ambalo nililitunza kwa ajili ya siku kama hizo: "Kaka, wewe umeisoma karatasi?" "Mimi nimekisoma kitaa," akasema, akatoka nje. Mwalimu alikuwa anatutazama. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka, na kama ningemwambia, "Mwalimu, sasa uache mkono hadi uhesabu tatu," angefanya hivyo siku zote. Ilikuwa sentensi moja. Sikuisema, kwa sababu kuisema kungekuwa kukiri mbele ya Danieli kwamba kitaa kinadanganya.

Ukumbi wa video ulijaa jioni ile hadi watu wakakaa madirishani. Nilipigiwa makofi. Wiki zilizofuata nilifunga deki nyingine mbili, na sikukanyaga Kikuyu.

Nilirudi kwa sababu Neema alituma mtu kuniita, mwishoni mwa mwezi wa pili. Nilimkuta amesimama sebuleni, bado amevaa nguo za ofisini, na Mama Yohana amesimama mbele yake akiwa ameshika ncha ya khanga. Neema alikuwa amewahi kurudi mchana na kumkuta mama yake amelowa hadi mabegani, mkono wa kushoto uko kando ya kibati, na Mama Yohana uani anachambua mboga. Alikuwa amemuuliza mama yake, "Umeita?" naye akafumba macho na kuyafumbua. "Umeita mara nyingi?" Akafumba tena. "Mwanangu," Mama Yohana alikuwa anasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "kengele haijalia. Nikisikia nakuja. Mimi naye tunaelewana, namlisha, namwosha, kwa nini nisije?" Neema akanigeukia. "Fundi, nataka unitoe shaka moja tu. Kengele inafanya kazi au haifanyi?"

Niliingia chumbani. Mwalimu hakunitazama. Nikaweka kiganja changu juu ya kibati, nikakiacha hapo kama mtu anayejua, na nikaona kitaa kikiwaka, na katika zile sekunde tatu kabla kengele haijalia niliona jambo lote, kana kwamba mtu amefungua dirisha. Niliuona mkono wake ukiinuka kwa taabu, ukiangukia kibati, kitaa kikimwambia amesikika, na yeye akiuondoa mkono ule mzito, akingoja, kama nilivyomfundisha. Halafu anangoja tena. Kengele ikalia uani. Nikarudi sebuleni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo wangu ukasema, "Inafanya kazi. Mashine haina kosa."

Mama Yohana hakubishana. Alinitazama mimi, si Neema, akasema, "Haya, baba." Aliondoka siku hiyo na kifurushi cha nguo na sufuria moja iliyokuwa yake. Neema alimsindikiza hadi barabarani kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu, lakini aliporudi alisema, "Mtu unamwamini na mama yako, kumbe," halafu akashindwa kumaliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Danieli na kumweleza, nikidhani atanionea huruma. Aliendelea kulehemu. Aliponyanyua kichwa alisema, "Rudi ukawaambie." Nikasema nitaitengeneza kwanza, kisha nitawaambia. "Utaitengeneza," akasema, "na kuwaambia hutawaambia. Mimi sitakusemea, Festo, maana si kinywa changu kilichosema uongo. Lakini na mimi siwezi kukaa meza moja na wewe." Kabla ya mwezi kuisha alihamishia meza yake nyumbani. Miaka yote tuliyoishi mji mmoja baada ya hapo tulisalimiana vizuri, tukazikana na kuchangiana harusi kama majirani, na hakunialika tena kuingia chumba chake cha kazi.

Alinijua kuliko nilivyojijua. Siku tano baada ya Mama Yohana kuondoka nilikwenda Kikuyu nikisema nataka kusafisha vumbi. Nilichukua ubao, nikahamisha sehemu ya tatu, nikaurudisha. Ilinichukua asubuhi moja. Sasa kitaa kiliwaka pamoja na kengele, si kabla, na mtu yeyote angejua kuacha mkono hadi kiwake. Nilimwonyesha Mwalimu mwenyewe. "Ukikaa kidogo, Mwalimu, kitawaka. Kikiwaka, wamekuja." Aliutazama ukuta. Msichana mpya wa kazi, mpole sana, alikuwa mlangoni akisubiri kuitwa ili ajaribu, na tukasubiri sote, na mkono wa kushoto wa Mwalimu ukabaki juu ya tumbo lake ulipokuwa. Neema akausogeza kwa upole kuelekea kwenye kibati. Mama yake akaurudisha. Ilimchukua muda mrefu kuurudisha, lakini aliurudisha.

Hakuita tena. Nilipata habari hizo kwa vipande, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kwenda mara kwa mara na sikuwa na ujasiri wa kuacha kabisa. Neema alimweka msichana mpya kando ya kitanda saa zote, akaomba ofisini ruhusa ya kutoka mapema, akahamishia godoro lake chumbani kwa mama. Alimpikia uji wa ulezi na kuuchuja mara mbili. Mwalimu alikula alicholishwa, lakini Neema alipoingia alifumba macho, na hakuyafumbua hadi atoke. Siku moja nilipita na zabibu kidogo, nikamsikia Neema nyuma ya pazia akisema, "Mama, nimekukosea nini? Niambie kwa macho. Nikitaja, ufumbue." Akaanza kutaja. Ni ofisi? Ni kwa sababu sijaolewa? Ni Mama Yohana, nimrudishe? Ni dawa? Kila baada ya swali alinyamaza ili amwangalie, na aliendelea kutaja vitu vidogo zaidi na zaidi, sufuria, redio, ugomvi wa utotoni. Nilisimama sebuleni nimeshika zabibu. Jibu lilikuwa kwangu. Niliziweka mezani nikaondoka bila kuaga.

Mwalimu Debora alifariki mwezi wa nane, kabla mwaka haujatimia tangu nifunge kengele. Kwenye mazishi Neema alisimama wima muda wote, na wanawake wakasema ana moyo mgumu.

Sasa alikuwa mbele yangu chini ya turubai la Danieli, na alikuwa ameshanishukuru. Sahani zilikuwa zimeletwa, wali na nyama, na tulikuwa tumeanza kula. Alizungumza juu ya wajukuu wa dada yake, juu ya magoti. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Unajua mama mwishoni alinichukia. Miezi sita hakunitazama. Nimesali sana juu ya hilo. Mchungaji aliniambia ni ugonjwa, unaharibu ubongo, na mimi nikakubali, lakini si kweli. Alikuwa na akili zake. Kuna kitu nilikifanya." Nikaweka kijiko chini. Nilitazama upande walikokaa watoto wa Danieli, nikajua kwamba mtu pekee mwingine aliyelijua jambo hili ameshazikwa, na kwamba nikinyamaza leo halitajulikana kamwe. Nitakuwa mwongo nikisema ujasiri ndio uliosema. Nadhani nilichoka tu.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mvua, sekunde tatu, ukurasa wa sita, televisheni ya baa. Nilimweleza nilichomwambia mama yake siku ya kwanza kuhusu kitaa. Nilimweleza kuwa Mama Yohana alisema kweli, na kwamba nililijua hilo nikiwa bado nimeweka mkono juu ya kibati. "Mama yako alikuwa anaita," nikasema. "Aliona taa, akaamini mmesikia na mmeamua kutokuja. Hukumkosea kitu, Neema. Ni mimi." Macho yake hayakuniacha, yale macho ya mama yake. Nilipomaliza nilitaja neno la kuomba radhi, na lilisikika dogo sana kwenye kelele za vijiko.

Jamaa mmoja akaja kumsalimu, naye Neema akamwitikia vizuri kabisa, akamuuliza habari za nyumbani. Jamaa alipoondoka akanigeukia. "Mimi umeniambia," akasema. "Na yeye, mama, nani atamwambia?"

Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akachukua sahani yake. Akachukua na yangu, iliyokuwa bado na chakula, akaenda nazo kwa waosha vyombo.